Ushuhuda Uliokula Kibanja

Mimi ni msomi, na nalisema mapema ili tusipoteze muda. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni pale Bukoba, katika darasa lenye mbu wengi kuliko wanafunzi, nikifundishwa hesabu na mtu aliyekuwa akisinzia huku anaandika ubaoni, na jibu linatoka sahihi. Mchana sikuwa msomi. Mchana nilikuwa mbeba spika wa kikundi cha kunusuru vijana na magenge kule Hamugembe, na spika zenyewe zilikuwa nzito kiasi kwamba hadi leo bega langu moja liko karibu na ardhi kuliko lingine.

Kikundi kilikutana kwenye ghala la zamani la kahawa. Genge lilikutana nyuma ya mashine ya kusaga, umbali wa kutupa jiwe, na mawe yalitupwa kweli. Genge lilikuwa na njia yake ya kuvua vijana: leo wanakununulia nyama ya kuchoma, kesho viatu, keshokutwa wanakutuma ukachukue simu ya mtu na mtu mwenyewe akiwa bado anaongea nayo. Sisi tulikuwa na uji, mpira mmoja ulioshonwa hadi ukaota pembe, na ahadi. Kijana mmoja aliyebadilika angechaguliwa kwenda kujifunza kuchomelea vyuma kwenye karakana moja ya mtaa wa Bakoba, na akihitimu angepewa mashine iwe yake. Niliiona mashine ile. Ukiiwasha, taa za nusu ya mji zinainama kuisalimia.

Aliyetuongoza alikuwa mwalimu mstaafu, Mlutheri wa ukoo wa walokole, mtu mwema ambaye hajawahi kumpiga hata mbuzi. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Yeye aliamini kwamba dhambi isiyosemwa kwa sauti ni kama ndizi iliyofukiwa shimoni: haifi, inaiva. Kwa hiyo kila juma tulikaa kwenye mabenchi, mmoja mmoja anasimama, anatoa ushuhuda. Wakatoliki, mimi nikiwa mmoja wao, tulizoea kumnong'oneza padri dhambi zetu kwenye kidirisha. Hapa tuliambiwa tuziseme kwenye maiki, na maiki niliyoiunga mimi ilisikika hadi Uganda.

Tena ushuhuda ulikuwa na vipimo vyake. Aliyewahi kuvunja duka alipigiwa makofi. Aliyewahi kuvunja duka lenye mlinzi aliimbiwa pambio. Tulikuwa na jamaa mmoja mwenye kovu shavuni, aliyefanya kila kitu isipokuwa kuiba ziwa. Yeye akisimama, akina mama wa uji walikuwa wanaacha sufuria iungue. Na nafasi ya karakana, Mwalimu alishatangaza, ingekwenda kwa yule "aliyetoka mbali zaidi."

Sasa nije kwa rafiki yangu, maana haya yote ni yake.

Yeye aliishi Nyanga kwa bibi mzaa mama. Baba yake alikufa yeye akiwa bado anafungwa kamba za viatu, na mama akaolewa Karagwe. Kitu alichoachiwa duniani kilikuwa kimoja: kibanja cha baba, upande wa Muleba, migomba na kahawa, na kaburi la baba lipo katikati ya migomba hiyo kama ilivyo kwetu. Kibanja kilishikwa na baba mdogo. Kwa desturi, kijana akikua, ukoo unakaa, wanamweka kwenye kiti cha baba yake, wanamkabidhi panga, basi, yeye ndiye mwenye nyumba. Rafiki yangu alikuwa ameshakua hadi ndevu zimemchoka. Kila akienda kuulizia, baba mdogo anamkaribisha vizuri, anampa chakula, anamsindikiza hadi barabarani, halafu anawaambia wazee: "Kibanja hakikabidhiwi mtu wa kijiweni. Huyu mtoto hana kazi, anashinda mjini na wahuni. Akipata shughuli ya kueleweka, nani atamzuia?"

Ndiyo maana alikuja kwetu. Alitaka ile nafasi ya karakana, aende nayo Muleba, awaonyeshe wazee. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, akinisaidia spika. Hakuwa mwizi, na hakuwa na hamu ya kuwa mwizi. Ila genge lilikuwa limeshamnunulia nyama mara moja, na alijua baada ya nyama huja viatu.

Siku alipoitwa mbele nilikuwa kwenye jenereta.

"Haya mwanangu," Mwalimu akasema, "tuambie. Ulitoka wapi?"

"Nyanga."

Watu wakacheka hadi benchi likaanguka.

"Siyo Nyanga hiyo. Katika dhambi, ulitoka wapi?"

Akafikiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo.

"Niliwahi kuiba parachichi."

"La nani?"

"La bibi."

"Mkamateni!" akapiga kelele yule wa kovu. "Mkamateni huyo kabla hajamaliza maparachichi ya mkoa mzima!"

"Bibi mwenyewe alijua?" akauliza mwingine.

"Alinimenyea."

Nilicheka mimi pia, nisiseme uongo. Nilicheka hadi nikashika bomba la moshi la jenereta. Mwalimu peke yake hakucheka. Alimwekea mkono begani.

"Chimba, mwanangu. Chimba zaidi."

"Mwalimu, sina."

"Hakuna asiye nacho. Kuna asiyetaka kukitoa."

Wiki zikapita, anachimba, hapati. Kila akisimama watu wanaanza kumenya maparachichi ya hewani. Mwalimu akawa anamtazama kwa huzuni, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayemeza dawa na kuitema. Rafiki yangu akaona nafasi inampita. Aliyemwokoa alikuwa yule wa kovu, kwa roho nzuri kabisa, tukiwa tunaosha vikombe vya uji.

"We mtoto wa bibi, utafukuzwa humu kwa usafi. Chukua moja yangu."

"Moja ya nini?"

"Ushuhuda. Mimi ninazo, siwezi kuzimaliza hata nikiishi kama Methusela. Chukua ya kahawa. Ile ya kuzoa kahawa iliyoanikwa kwenye vitandiko vya watu, mlinzi tukampiga na mpini. Nzuri hiyo, ina kila kitu."

"Na mimi nilikuwa wapi hapo?"

"Wewe ndiye uliyeshika mpini. Ukishika gunia hawatakulilia."

Akamfundisha. Wapi anyamaze, wapi sauti ikatike. Na mimi niliyefundishwa na walimu wa kila aina nasema sijaona mwalimu kama yule wa kovu.

Kilichofuata ni mkutano wa hadhara. Mwalimu alitaka ujumbe ufike vijijini, na wenyeji wakatuita Muleba, uwanja wa mnada, mchana kweupe, msimu wa kahawa. Hapo ndipo rafiki yangu alipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya, wala hata asingelielewa. Sisi Wahaya tunaweza kumsamehe mtu aliyevunja benki. Benki ni ya nani? Lakini kahawa iliyoanikwa uani ni ada ya mtoto, ni bati la nyumba, ni sanda ya mzee. Ghalani Hamugembe ushuhuda wa kahawa ulikuwa ushuhuda. Muleba ulikuwa habari.

Alipanda nyuma ya lori, akashika maiki. Akaanza taratibu. Vitandiko. Giza. Gunia. Mlinzi mzee anayekohoa. Alipofika kwenye mpini sauti ikakatika pale pale ilipopangwa kukatika, na machozi yakatoka, ya kweli, sijui aliyatoa wapi. Sisi wa kikundi tukapiga makofi. Tulipiga peke yetu. Uwanja mzima ulikuwa umeinua simu juu kama msitu.

"Si ile ya kwetu msimu uliopita hiyo?" mama mmoja aliuliza karibu na spika yangu.

"Ndiyo hiyohiyo," akajibiwa. "Msikilize. Mwenyewe anaeleza."

Mwalimu alimkumbatia juu ya lori. Alimwambia papo hapo, maiki ikiwa bado inafanya kazi, kwamba nafasi ya Bakoba ni yake. Nimewahi kuona watu wakifurahi: nimeona harusi, nimeona matokeo ya mtihani, nimeona mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea. Sijaona kama vile. Njia nzima ya kurudi aliimba, na spika alizibeba yeye.

"Sasa baba mdogo atasema nini?" alikuwa ananiuliza. "Niambie wewe msomi. Atasema nini sasa?"

Baba mdogo alisema mengi. Kabla rafiki yangu hajaanza karakana, ukoo ukamwita. Akafurahi, akadhani ni kiti cha baba. Bibi akampigia pasi shati hadi likawa na kingo za kukata mkate. Akaniomba nimsindikize, na Mwalimu akajitolea kuja kumsemea, maana alijua wazee wanaheshimu mtu mwenye mvi.

Tulipokelewa vizuri mno. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Sebule ya baba mdogo ilikuwa imejaa wazee, pombe ya rubisi ipo kwenye kibuyu, Mwalimu akaletewa soda kwa ajili ya wokovu wake. Baba mdogo mwenyewe, mtu mwembamba mwenye sauti laini kama ya mgonjwa, akapitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kila mmoja akachukua punje. Kikapu kilipomfikia rafiki yangu, baba mdogo alikishika yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

"Chukua mwanangu, chukua. Hii hapa unapewa."

Wazee wawili wakakohoa. Rafiki yangu bado alikuwa anatabasamu.

Kisha baba mdogo akatoa simu, akaiweka juu ya meza, akaiegemeza kwenye kibuyu cha rubisi ili wote waone. Ilikuwa video ya ule ushuhuda wa uwanjani. Sauti ilikuwa safi; nilijivunia kazi yangu kwa muda mfupi sana. Wazee wakasikiliza vitandiko, giza, gunia, mlinzi, mpini. Ilipofika kwenye machozi, baba mdogo akaizima.

"Mimi sina neno," akasema. "Mimi namshukuru Mungu kijana wetu amesema ukweli. Nauliza tu, waitu, wazee wangu, mnielekeze. Kibanja cha marehemu kaka yangu kina kahawa. Majirani zake wana kahawa. Nimweke pale?"

Mzee wa ukoo, aliyekuwa ameshika fimbo katikati ya magoti, akamgeukia Mwalimu.

"Wewe ndiye uliyemlea huko mjini?"

"Ndiye mimi, waitu."

"Unamjua?"

Mwalimu akasimama. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua.

"Wazee wangu, namjua kuliko ninavyojua kiganja changu. Katika vijana wote waliopita mikononi mwangu, na wamepita wa kila namna, huyu ndiye aliyetumbukia chini kuliko wote."

"Chini kuliko wote," mzee akarudia.

"Chini kabisa, waitu! Wengine walikuwa wakija wanatoa dhambi zao siku ya kwanza. Huyu alificha wiki nyingi. Moyo wake ulikuwa jiwe. Na Mungu kalipasua!"

Nilimvuta koti. Akanipiga kofi dogo la mkononi, akaendelea. Kwa robo saa alimjenga rafiki yangu, tofali juu ya tofali, hadi mle sebuleni akawa ameketi jambazi ambaye hata yule wa kovu angemwamkia. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesali. Aliinua macho mara moja tu kumwambia Mwalimu, "Soda imeisha? Aongezwe soda."

Ndipo rafiki yangu akasimama.

"Sikuiba," akasema.

Mwalimu akamgeukia, bado anatabasamu. "Mwanangu, ulishasema, yamekwisha."

"Mwalimu, sikuiba. Siku hiyo ya kahawa nilikuwa Nyanga. Ushuhuda nilipewa. Niliusema ili nipate karakana, niipate karakana ili nipewe kibanja." Akawageukia wazee. "Tata, mimi sijawahi kumpiga mtu. Muulizeni huyu."

Wakanitazama. Nikasema ni kweli, na nikasema kuhusu parachichi. Mimi hadithi zangu huwa naziongezea chumvi. Hii niliisema bila hata punje, na ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeiamini.

"Kwa hiyo," mzee wa fimbo akauliza polepole, "pale uwanjani, mbele ya watu, na jina la Mungu likitajwa, ulisema uongo?"

"Ndiyo, tata."

"Na ulilia?"

"Nililia."

Baba mdogo akacheka kidogo, kicheko cha huruma. "Basi wazee mtuchagulie. Tumpe mwizi, au tumpe mwongo?"

"Mwizi anaweza kuokoka," alisema mzee. "Mwongo utajuaje ameokoka?"

Wakacheka. Kibuyu kikazunguka. Haikuchukua muda baada ya hapo. Kibanja kilibaki kwa baba mdogo, na rafiki yangu akaambiwa atakaribishwa siku yoyote kama mgeni. Chakula kikaletwa, maana kwetu huwezi kumnyang'anya mtu na kumwacha na njaa.

Tulirudi Bukoba na Mwalimu. Alikuwa na macho mekundu. Mtu aliyeumizwa zaidi siku ile, ukimuuliza yeye mwenyewe, ni yeye. Alipoteremka akasema bila kututazama kwamba nafasi ya karakana ni ya vijana waliobadilika, na kubadilika huanza na ukweli. Akampa yule wa kovu. Siwezi kulaumu: yule wa kovu aliiba kweli, alishuhudia kweli, na leo ni fundi mzuri, magrili yake yanaonekana nusu ya madirisha ya mji. Alimletea rafiki yangu sabuni na sukari kumpa pole.

Genge nalo halikumtaka. Alikwenda, nilimwona akienda, kule nyuma ya mashine ya kusaga, mikono mifukoni. Hakukaa.

"Wewe si ndiye unayepanda kwenye malori kutaja watu?" walimwambia. "Ondoka hapa, spika."

Basi akabaki kwa bibi, analima vijisehemu, habebi hata spika. Wakati huohuo ushuhuda wake ulikuwa unaendelea kufanya kazi bila yeye. Ile video iliwagusa watu wa Muleba kiasi kwamba waliomba tawi la kikundi chetu. Mwalimu akalifungua. Vijana wa kule, wale wenye mwelekeo mbaya, wakapewa filimbi, mabuti na fimbo, wawe walinzi wa mashamba badala ya kuyaibia. Wazo zuri, mimi mwenyewe nilipeleka mabuti. Walipokuwa wanafunzwa, walionyeshwa ile video ili wajue mwizi anavyofikiri.

Bibi alipougua, alitamani ndizi za Muleba. Wagonjwa hutamani vitu hivyo. Rafiki yangu akapanda gari asubuhi, akaenda kibanjani bila kupita kwa baba mdogo. Alinieleza baadaye: alianza kwa kung'oa magugu kaburini, akaugonga kidogo udongo wa pembeni, kisha akatazama mgomba ulio karibu, uliokomaa, akakata mkungu. Mchana, jua la utosi, shati jeupe. Mtu anayeiba havai hivyo.

Filimbi ikapigwa. Walikuwa vijana wetu. Walimtambua mara moja, uso wake waliufundishwa.

Nilipigiwa simu nikaenda kumchukua. Nilimkuta kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, amefungwa kwenye nguzo, mkono wa kulia umekuwa mkubwa kama mguu, na uso sitauelezea. Mmoja wa wale vijana alikuwa amekaa karibu yake anafuta mabuti kwa jani la mgomba.

"Alikuwa anasema ni kwao," aliniambia. "Wote husema ni kwao."

Baba mdogo alikuwepo. Alisikitika sana. Alikuwa amewakataza wasimuue. Alinirudia mara tatu kwamba ni yeye aliyewakataza. Ule mkungu, kwa kuwa ulishakatwa na ndizi haziwezi kurudishwa mgombani, ulimenywa palepale na kupikwa kwa maharage, walinzi wale. Nikakaribishwa. Nikasema nimeshiba.

"Mtu wa mjini huyo," wakacheka, "anaogopa maharage."

Hospitali Bukoba walisema mkono utapona lakini vidole viwili havitakunjika tena. Mwalimu alikuja kumwona siku ya pili. Alikuja na Biblia na machungwa, akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, mzee wa watu, akasali muda mrefu huku amekishika kile kitanda. Kisha akainuka, akamfuta rafiki yangu jasho la kipaji.

"Mwanangu," akasema, "sasa unao. Sasa umekamatwa na mali ya mtu mkononi, na umeadhibiwa, na uko hai. Ukipona njoo. Huo ni ushuhuda wa kweli."

Alisema kwa upendo. Naapa, sijawahi kusikia sauti yenye upendo kama ile. Aliacha machungwa juu ya kabati, akaondoka akitembea kwa vidole asiwaamshe wagonjwa.

Nilitafuta mzaha, mimi ambaye sijawahi kukosa mzaha hata msibani, sikupata. Hatimaye rafiki yangu alisema kitu, lakini midomo ilikuwa imevimba ikabidi niiname.

"Zile ndizi."

"Walizipika," nikamwambia.

"Ziliiva?"

"Sijui. Walinikaribisha, sikula."

Akafumba macho.

"Ungekula bwana," akasema. "Ungekula, uniambie."